Msabah Borafya, Mnoa Visu Aliyerudi Nyumbani Akichokoa Meno

4 Aprili 1961 – 16 Januari 2024

Wasifu huu umeandikwa na binti yake, Shahida. Unasomwa na mdogo wa marehemu, Himid Borafya, katika hitima ya arubaini, Kikwajuni, Jumapili tarehe 25 Februari 2024.

Kwetu Unguja maiti hawekwi. Msabah Borafya alifariki alfajiri, na ilipoadhiniwa alasiri ya siku hiyo hiyo alikuwa keshafika kaburini. Hakuna aliyesimama na karatasi mkononi kueleza marehemu alikuwa nani, wala si ada yetu. Wasifu huu unasomwa leo kwa idhini ya sheikh wa mtaa, ambaye aliuliza mara mbili kama ni lazima, na mara mbili akaambiwa ni lazima. Karatasi zimegawiwa barazani kwa wanaume na ndani kwa wanawake, na spika imeelekezwa kwenye dirisha la chumba cha eda ili mjane asikie. Himid ameombwa asiruke mstari hata mmoja, hata ule atakaotamani kuuruka.

Sababu ya kuandikwa ni hii. Kwa miezi mitano mtaa huu ulijua, au ulidhani unajua, kwamba marehemu alikuwa na mke wa pili. Mkewe aliamini hivyo akaingia eda na imani hiyo kifuani, na bado haijamtoka. Kulikuwa na mtu mmoja aliyeujua ukweli wote na hakusema. Leo atasema, lakini wasifu una mpangilio wake, na mtu lazima azaliwe kwanza.

Msabah alizaliwa Jumanne tarehe 4 Aprili 1961, Mangapwani, Mkoa wa Kaskazini Unguja. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bwana Borafya Nahodha, mchoma chokaa, na Bi Mwatum Haji. Dada yake, Bi Duni, anasimulia kwamba Msabah alipokuwa na miaka saba alikanyaga chokaa iliyokuwa bado na moto, akaungua wayo mzima. Hakulia wala hakumwambia mtu. Alikwenda chuoni siku tatu akichechemea, mpaka kidonda kilipoanza kunuka ndipo mama yao akamkamata na kumkalisha chini. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu, "Mlikuwa na kazi." Haya yanatajwa mapema ili asije mtu akasema ni kitabu kitakachotajwa mbele kilichomfundisha kunyamaza. Kitabu kilimkuta tayari anajua, kikampa cheti tu.

Alihitimu Kurani akiwa na miaka kumi. Akasoma skuli ya msingi Mangapwani kuanzia 1968, na mwaka 1976 akaja mjini kwa masomo ya sekondari, akikaa kwa jamaa hapa Kikwajuni. Mwaka 1978 baba yao alifariki na Msabah akaacha skuli ili Himid aendelee. Himid alimaliza, akawa mwalimu, na ndiye anayesoma maneno haya. Kiingereza cha Msabah kilibaki cha darasa la pili la sekondari maisha yake yote, cha kutosha kusoma jina la dawa na kubishana na mtalii.

Kazi aliifundishwa na Mzee Mufaddal, Bohora aliyekuwa na duka la vyuma nyuma ya soko la Darajani. Alianza kwa kufagia, akapandishwa kuendesha cherehe, lile gurudumu la kunolea linalozungushwa kwa mguu, na kufikia mwaka 1985 alikuwa na kibanda chake mwenyewe mlangoni mwa soko la samaki. Kwa miaka thelathini na minane visu vya wauza samaki, mapanga ya madafu, mikasi ya mafundi cherehani na mbuzi za kukunia nazi za nusu ya mji huu vilipita mkononi mwake. Hakuwahi kumrudishia mtu kisu bila kukifuta kwa kitambaa safi na kukitanguliza mpini.

Mwaka 1996 alikuja Mjini Mkongwe mpishi wa Kijapani, Bwana Morita, aliyeajiriwa katika mkahawa mmoja Shangani. Alikuwa na visu vitano alivyovifunga kwenye nguo kama mtoto mchanga, na alizunguka mji mzima akitafuta mtu wa kumwamini. Alimtazama Msabah akinoa kisu cha mkata papa kwa muda wa saa nzima, kisha akafungua furushi lake. Alipoondoka kurudi kwao mwaka 1999 alimwachia vitu viwili. Kimoja ni kinoo cha rangi ya udongo ambacho Himid anacho sasa. Cha pili ni kitabu chembamba cha Kiingereza, chenye jalada la kijivu, kilichokusanya mafundisho ya masamurai, wapiganaji wa zamani wa Kijapani walioishi kwa upanga na kumtumikia bwana mmoja hadi kufa.

Kitabu kilikaa miaka kumi juu ya kabati. Shahida alipofika miaka kumi na moja na Kiingereza chake kikampita baba yake, kilishuka. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, yeye alisoma sentensi moja, wakaibishania, na Msabah akaandika katika daftari la mistari si tafsiri bali kile alichokielewa yeye, mnoa visu wa Darajani. Waliyaita masomo. Yalifika arubaini na moja. Somo la kwanza aliliandika hivi: "Ukiamka jihesabu umeshakufa, kisha fungua duka." Alimpelekea sheikh wa wakati ule, akalisoma na kucheka. "Hili mbona tunalo, Msabah? Kukumbuka mauti. Hukuwa na haja ya kwenda hadi Japani." Msabah alirudi nyumbani amefurahi, akasema basi kumbe watu wale walikuwa wanakaribia.

Somo la tisa linasema: "Makali ya kisu yasikupite wewe akili." Hili alilitumia. Siku moja ya mwaka 2014 alikuja mtu kibandani, macho mekundu, na panga lisilo la madafu wala la shamba, akitaka litiwe makali upesi. Walikuwa wamegombana na nduguye wa damu juu ya mpaka wa shamba la karafuu. Msabah alilipokea, akamtilia kahawa, akaanza kunoa. Alinoa mpaka adhuhuri, akanoa baada ya adhuhuri, akamtilia kahawa nyingine, na walipotoka kusali alasiri pamoja alimkabidhi panga ambalo lisingeweza kukata hata embe bivu. Alikuwa amelinoa kinyume. Mtu huyo yupo barazani hapa leo, na nduguye amekaa karibu yake. Hatotajwa.

Na lipo somo la kumi na saba. Shahida anakumbuka Ijumaa ile kwa sababu alicheka mpaka akapaliwa. Kitabu kilisema kwamba samurai aliyeshinda na njaa hukaa mbele za watu akichokoa meno, kama aliyetoka kwenye karamu. Msabah hakucheka. Aliandika: "Mwenye njaa achokoe meno, ili aliye karibu naye asitahayari kwa kukosa cha kumpa." Akaongeza chini yake, kwa wino mwengine: "Hii ni huruma, si kiburi." Masikini baba wa watu, alidhani hivyo.

Alifunga ndoa na Bi Mashavu Ali Makame, mzaliwa wa Kikwajuni, Ijumaa tarehe 12 Januari 1990. Bi Mashavu ndiye mpishi bora wa mtaa huu, na anayebisha asimame. Msabah alikuwa mtu wa maneno machache, na mapenzi yake yote aliyasema kwa kula. Alikula akamaliza, akafuta sahani kwa kidole, na Bi Mashavu akajua. Walijaaliwa watoto wawili, Suhail mwaka 1991 na Shahida mwaka 1998. Kwa miaka thelathini na tatu hakuna siku Msabah aliyokuwa mjini akala chakula cha mchana nje ya nyumba yake. Wauza samaki wakimtania, "Msabah, mkeo kakufunga kamba?" Naye akiwajibu, "Kamba ya nazi, nzito."

Maradhi yalianza Ramadhani ya mwaka 2023. Wakati wa futari tende ilimkwama kooni, akainywia maji. Wiki ya pili ukawa muhogo. Kufikia mwanzo wa Juni hakuna kilichopita isipokuwa vitu vya majimaji, na hivyo kwa taabu. Shahida anafanya kazi katika duka la dawa huko huko Darajani, na ni yeye aliyempeleka kwa daktari. Jumamosi tarehe 10 Juni waliambiwa kwamba ni saratani ya koo la chakula, na kwamba akivuka Dar es Salaam mapema kwa matibabu bado kuna matumaini, si makubwa, lakini yapo. Daktari alisema wazi na kwa upole, na hakuna wa kumlaumu katika hilo.

Walitoka wakakaa kwenye kibaraza cha duka lililofungwa. Mazungumzo yao yalikuwa haya, na Shahida hajasahau hata neno.

"Baba, tukamwambie Mama."

"Mamako akijua siwezi kula, na yeye hatokula. Ntakuwa nimeua wawili."

"Na Dar?"

"Safari ya Dar haifichiki, mwanangu."

"Basi isifichwe!"

"Shahida. Maumivu ya mtu ni yake, hayagawiwi. Tumelisoma pamoja hilo. Nipe neno lako hutomwambia."

"Hili mie siliwezi, Baba."

"Utaliweza. Weye ndo mwanafunzi wangu. Nipe neno."

Akampa. Alikuwa na miaka ishirini na minne, ana cheti cha ufamasia, anajua maradhi yale yanakwenda wapi na kwa kasi gani. Akampa neno kwa sababu ya daftari la mistari na Ijumaa za utotoni, na kwa sababu baba yake alimwita mwanafunzi mbele ya mlango uliofungwa. Wapo watu waliouza utu wao kwa bei ya juu zaidi.

Tangu siku hiyo, kila mchana Msabah alifunga kibanda na kwenda nyuma ya duka la dawa. Shahida alimtilia uji mwepesi kutoka kwenye chupa ya chai, uliochujwa mara mbili, wenye mdalasini kidogo ili asiuchoke. Akiumaliza, au akishindwa, alitoa kijiti mfukoni, akakitia mdomoni na kwenda zake nyumbani akichokoa meno.

Bi Mashavu alikuwa amemtengea pweza wa nazi siku ya mwanzo.

"Kula basi, mwenzangu."

"Nshakula."

"Ushakula wapi?"

"Nshakula tu, Mashavu."

Huko Japani, pengine, mwanamme anayerudi kwake akichokoa meno ni shujaa. Kikwajuni ni mwanamme aliyelishwa na mwanamke mwengine. Msabah alikuwa amelisoma somo miaka kumi na minne na hakuona kitu ambacho kila mwanamke wa mtaa huu angekiona kwa jicho moja akiwa anapeta mchele. Bi Mashavu aliendelea kupika siku arubaini. Alipika boko boko, akapika biriani ya kuku siku isiyo na sababu, akapika hadi samaki wa kupaka aliompikia usiku wa fungate. Kila siku jibu lilikuwa nshakula. Siku ya arubaini na moja alipika chakula cha watu wawili, akala na binti yake, hakumtengea.

Mwezi wa Septemba alimwita Shahida uani, mkononi ana kanzu ya kufua yenye doa kifuani.

"Hebu nusa hapa."

"Uji, Mama."

"Uji wa nani? Mie uji wangu sitii mdalasini." Akainusa tena. "Babako kapata mtu. Tena anajua kupika, kwani simwoni anavopendeza kwa kukonda? Mapenzi mapya hayo."

Shahida alisimama palepale, uji ule ameupika yeye, mdalasini ameutia yeye, na hakusema. Akaichukua kanzu akaifua. Anaomba hili lisikike vizuri kwenye spika: hakusema. Kutoka siku hiyo Bi Mashavu alihamia chumba cha ndani, na mtu na mkewe wakawa wanasalimiana kama wapangaji. Suhail akipiga simu kutoka Maskati, baba yake aliileta karibu na uso ili asionekane mabega. Mtaa ukapata la kusema. Siri ya mtungi muulize kata, lakini kata yenyewe ilikuwa imeahidi kunyamaza.

Jioni ya Jumatatu tarehe 15 Januari 2024, baada ya sala ya magharibi, Bi Mashavu alishinda kiburi chake. Hakuna aliyemwomba. Alipika wali wa nazi na mchuzi wa changu, akatandika jamvi, akaweka sahani mbele ya mumewe, akakaa chini.

"Msabah, sikuulizi ulikuwa wapi. Mke mwenzangu kama yupo, yupo, Mungu karuhusu. Lakini kula japo tonge moja, moyo wangu upoe."

Msabah aliitazama sahani. Kisha akamtazama Shahida aliyekuwa mlangoni, na mtazamo ule ulikuwa unamkumbusha. Shahida alijua tonge lile halina njia. Maneno matatu yangetosha: Mama, hawezi kumeza. Alikuwa nayo mdomoni. Baba yake akafinyanga tonge, akalitia, akafumba macho, akameza.

Lilikwama, akaanza kutapika damu. Alifikishwa hospitali, na akafariki Jumanne tarehe 16 Januari, kabla ya adhana ya alfajiri, akiwa na miaka sitini na miwili. Alizikwa Mangapwani kando ya baba yake. Waliokuja kutoa pole walisema yale yasemwayo, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli. Lakini methali hiyo haisemi kinamfanya nini aliyemsaidia kuyaficha.

Bi Mashavu, tangu siku hiyo unaamini tonge lako ndilo lililomuua. Umemwambia Bi Duni, na Bi Duni hakuweza kukaa nalo. Daktari alimweleza Shahida siku ile ile kwamba mshipa ulikuwa umeshaliwa na maradhi, na ungepasuka wiki hiyo kwa tonge au kwa maji. Tonge lako lilikuwa chakula cha kwanza cha nyumbani kwake kilichopita mdomoni mwake tangu mwezi wa sita. Alikitaka kila siku. Nyuma ya duka la dawa, uji mkononi, alikuwa akimwuliza Shahida, "Leo kapika nini?" na akisikiliza jibu lote mpaka mwisho, pamoja na viungo.

Kuna jambo la mkeka. Maiti ilipotoka nyumbani, Bi Mashavu alikaa kwenye mkeka wa eda na kabla ya kusema neno lolote jengine aliwaambia wanawake, "Tandikeni na mkeka wa pili. Mwenzangu akija asikae chini, eda ni haki yake na yeye." Wakautandika. Mkeka huo upo mpaka leo, siku ya arubaini, kando ya wa kwake, na mlango ukigongwa anageuka kuutazama. Wapo humu ndani wanawake waliocheka na wapo waliolia. Hakuna aliyeukunja.

Usiukunje, Mama. Mwenyewe yupo. Mwanamke aliyekuwa akimlisha mumeo kwa miezi saba, aliyetia mdalasini kwenye uji ukaunusa kwenye kanzu, ni binti yako Shahida. Hakuna mwengine, hakuwahi kuwepo mwengine. Amepekua masomo yote arubaini na moja akitafuta moja linaloeleza ni lini mtu anaruhusiwa kuvunja neno lake, na hakulipata. Kwenye ukurasa wa mwisho hakuna wasia wala kwaheri, kuna orodha ya watu ambao visu vyao havijachukuliwa. Vyote vimerudishwa isipokuwa viwili, cha Mzee wa madafu na mkasi wa Bi Taramati, vipo kwa Himid. Kitabu chenyewe Shahida anacho na hajui akifanyeje. Waliokiandika walikuwa na bwana wa kumfia. Baba yake alikuwa na mke wa kula naye, na hakuna aliyemwambia kwamba hayo ni mambo mawili. Aliyekuwa na nafasi ya kumwambia alikuwa anaona fahari kuitwa mwanafunzi.

Ni ada yetu kuwaombea maiti msamaha kwa waliowakosea. Leo anayeombewa ni aliye hai, na anayeombwa ni mmoja. Shahida haombi radhi itolewe sasa, mbele ya watu, maana hapo haitakuwa radhi, itakuwa haya. Anaomba ruhusa ndogo tu, kwamba hitima ikisha aingie chumbani akae kwenye mkeka wa pili. Asiposemeshwa hatosema. Kunyamaza anakujua.

Marehemu Msabah Borafya ameacha mjane mmoja, Bi Mashavu Ali Makame. Mmoja tu. Ameacha watoto wawili, Suhail na Shahida. Mjukuu mmoja, Riyama, aliyeko Maskati. Dada yake, Bi Duni, na mdogo wake, Himid. Kibanda kimoja Darajani, na daftari moja.

Mwenyezi Mungu amlaze kwa amani, na huko aliko amtengee chakula, akae, ale, ashibe. Amin.